Fundi Aliyelitundika Jina Langu

Sijawahi kukutana na mtu aliyeijua injini ya dizeli kumzidi fundi wa Makambako, na sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye. Nayaweka mawili hayo pamoja mapema ili msomaji asije akadhani kwamba mbele ya safari moyo wangu utalainika. Haukulainika. Nitamsifu pale anapostahili, kwa sababu ukimpunja mtu sifa zake hata ubaya wake hauonekani vizuri.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na ovaroli yake ilikuwa imekunywa oili miaka mingi mpaka hakuna aliyekumbuka rangi yake ya kwanza. Kofia ya sufu aliivaa Januari na Julai sawasawa. Gereji yake ilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, kiwanja cha udongo mweusi chenye banda upande mmoja na ukuta mrefu wa mabati upande wa pili. Huo ukuta nitaurudia, maana ndio ulionimaliza.

Watu wa Pwani ukiwaambia habari za baridi wanakucheka. Waje Njombe mwezi wa saba. Unaamka nyasi zimekuwa nyeupe, maji ya kunawia yanauma vidole, na lori lililolala nje limekuwa gumu kama mfu. Injini ya dizeli haina cheche kama ya petroli. Inategemea joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na hewa ya Njombe asubuhi haitaki kupata joto. Kwa hiyo kila silinda ina plagi yake ya hita, kijiti chembamba chenye ncha ya chuma ambayo inaiva nyekundu kwa sekunde chache kabla hujapiga stata. Plagi moja ikifa, lori linaamka likitetemeka na kumwaga moshi mweupe unaochoma macho. Zikifa zote, unabaki hapo na viazi vyako.

Sisi madereva tulikuwa na dawa zetu. Wapo waliokuwa wakiwasha jiko la mkaa na kulisukuma chini ya injini, wakasimama pembeni wakiota moto huohuo. Wapo waliokuwa wakilowanisha kitambaa kwa petroli na kukiweka kwenye mdomo wa hewa, stata ikipigwa injini inavuta mvuke na kuamka kwa kishindo. Dawa hii ya pili ndiyo iliyokuwa ikiua injini, hasa kama plagi bado zina moto, kwa sababu petroli inalipuka kabla pistoni haijafika juu. Fundi alikuwa akiisikia harufu ya petroli kwenye kichujio cha hewa siku tatu baadaye. Alikuwa akimwita dereva, anamwinamisha, anamwambia, "Nusa. Nusa dhambi yako."

Kazi yake ilianzia masikioni. Lori likiingia alikuwa hasimami. Alikaa kwenye kigoda chake, anafumba macho, anakuacha uzime na uwashe tena. Ukianza kumweleza habari za lori lako alikuwa akikukata: "Ugonjwa nitautaja mimi. Wewe nieleze moshi." Mweupe au mweusi, unakatika baada ya dakika ngapi, unanuka dizeli mbichi au haunuki. Dereva ambaye hakuwa ameuangalia moshi wake alirudishwa kulala na lori lake mpaka kesho yake, injini ipoe upya, na safari hiyo aje na majibu. Nimeona watu wazima wenye familia wakirudishwa hivyo, na walirudi.

Baada ya masikio vilifuata vidole. Injini ikiwa imewaka tu, bado ya baridi, alichovya kidole kwenye kikopo cha maji na kunyunyiza tone moja moja kwenye matawi ya ekzosi. Tawi lililochemsha maji lilikuwa zima. Tawi lililoyaacha maji yatiririke, silinda yake ilikuwa imelala. Ndipo alipochukua kitaa chake cha kupimia, kibalbu kidogo chenye nyaya mbili, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha plagi baada ya kufungua bamba linaloziunganisha. Kibalbu kikiwaka, plagi hai. Kisipowaka, imekufa. Kazi yote hiyo ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na wala hakuwa na haraka.

Siku moja alikuja dereva wa kutoka Songea, ameshanunua plagi nne mpya, anataka zifungwe haraka. Fundi alizipima zile za zamani, tatu zikawasha taa. Akampa mkononi plagi tatu mpya, akabaki na moja.

"Amekufa mmoja," alimwambia, "wewe unataka kuzika wanne?"

Mara nyingine ilikuja plagi ambayo ncha yake ilikuwa imeyeyuka. Fundi mwingine angeweka mpya na kukuaga kwa furaha, nawe ungerudi baada ya wiki. Yeye aliigeuza kwenye mwanga, akasema, "Hii haikujifia. Imeuawa," akafungua nozeli ya silinda ile na kukuta inachuruza mafuta badala ya kurusha unyunyu. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Chochote ninachokijua kuhusu kupima plagi nilikijua kwa kusimama nyuma ya bega lake, na hilo nalo linanikera mpaka leo.

Alikuwa mtu wa kanisa. Aliimba besi kwenye kwaya, na ukipita Jumapili ungeisikia sauti yake ikitembea chini ya sauti za wengine wote. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, alikunywa, lakini hakunywa gerejini wala hakunywa na madereva. Wanawake wauza viazi aliwasalimia kabla ya matajiri wenye malori, akiwaambia kamwene kwa adabu kabisa, na matajiri wakasubiri. Tajiri mmoja aliyekuwa na malori mengi alikuja siku moja kumlalamikia dereva wake. Fundi alichota oili ya lile lori kwa kijiti, akampaka kidogo kwenye kiganja mbele ya watu, akamwambia, "Mlalamikie aliyenunua hii." Tajiri aliondoka na malori yake yote na hakurudi. Fundi aliendelea kufunga nati aliyokuwa akiifunga.

Ndiyo maana ninasema hakuwa mwongo. Mwongo wa kawaida ningemsamehe, ningesema ndiyo tabia yake, amezaliwa nayo. Huyu alisema kweli kwa kila mtu, hata kwa hasara yake, akaja kunisingizia mimi.

Na aliwahi kunivisha koti. Nilikuwa nimefika kutoka Njombe alfajiri na lori ambalo kioo chake cha mlango kilikuwa kimevunjika, meno yananigongana, na yeye akavua koti lake bila kusema neno na kunitupia. Nikalivaa siku nzima. Asubuhi hiyohiyo, tukiwa tunakunywa chai, ndipo nilipomwambia siri yangu. Nilimwambia kwamba mwaka uliotangulia, Njombe, lori lilinigomea na mzigo wa mtu ulikuwa unaoza, nikatumia kitambaa cha petroli. Mara moja tu. Nilimwambia kama unavyomwambia kaka yako mkubwa. Alitikisa kichwa, akasema, "Usirudie. Na usimwambie mtu." Nilimwamini mpaka kwenye mifupa.

Sasa ukuta. Fundi alikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwa fundi mwingine yeyote, si Iringa, si Mbeya. Kifaa kilichouawa na uzembe wa dereva hakukitupa. Alikitoboa au kukifunga waya, akakitundika kwenye ule ukuta wa mabati, na chini yake akaandika jina la dereva kwa rangi nyeupe. Jina kamili, la kwake na la ukoo. Palikuwa na vali zilizopinda, pete za pistoni zilizokatika, klachi zilizoungua, plagi zilizovimba. Watu wakapaita Matokeo, kama yale majina ya mtihani yanayobandikwa shuleni. Mwanzoni tulicheka. Tulikwenda kusoma majina ya wenzetu na kuwatania stendi.

Kicheko kiliisha pale matajiri walipoanza kutumia ule ukuta. Mtu akitaka kuajiri dereva alisema, "Ngoja kwanza nikaangalie matokeo." Anakuja gerejini, anatembea taratibu akisoma mabati kutoka mwanzo mpaka mwisho, anaondoka. Dereva ambaye jina lake lipo hapo hakuitwa hata kwa mahojiano. Barua ya ofisi inaweza kupotea, lakini bati lile lilikuwa halipotei, na fundi hakuwa akifuta.

Mimi nilikuwa dereva wa tajiri mmoja wa viazi, mzee mpole wa Igwachanya aliyekuwa na lori moja tu na alilipenda kuliko nyumba yake. Lilianza kutoa moshi mweupe asubuhi. Nikalipeleka kwa fundi. Alinyunyiza maji, akapima kwa kitaa, akasema plagi namba tatu imekufa, akafunga mpya. Nakumbuka alivyoisogeza ile plagi karibu na pua, akaisogeza mbali, akairudisha tena karibu, kisha akaifunga. Nikaondoka. Siku ya sita, nikitoka Njombe na viazi, kabla sijaufikia mji wa Makambako, nilisikia mlio kama mtu anagonga nyundo ndani ya injini. Nikazima hapohapo. Likavutwa kwa kamba mpaka gerejini.

Fundi alifungua injini peke yake. Tajiri alipokuja, siku mbili baadaye, pistoni namba tatu ilikuwa juu ya meza, imetoboka katikati, tundu la kuingia kidole. Tulisimama watatu: mimi, tajiri, na yeye akijifuta mikono.

"Nini kimefanya hivi?" tajiri aliuliza.

"Petroli," fundi alisema. "Dereva wako anawasha kwa kitambaa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasema, "Fundi, mimi sijatumia kitambaa. Lori lilikuwa linawaka lenyewe, wewe mwenyewe umefunga plagi."

Hakunitazama. Alimtazama tajiri, akasema maneno ambayo nayajua kama ninavyoijua Baba Yetu: "Muulize kama hajawahi. Muulize akuapie kwa mama yake kama hajawahi kutumia kitambaa."

Tajiri akanigeukia. Na mimi nikanyamaza. Ningesema nini? Niliwahi, mara moja, na si kwenye lori lile, na aliyejua alikuwa mtu mmoja tu duniani. Kunyamaza kwangu kukawa ndiyo. Tajiri alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaniomba funguo. Hakunitukana. Aliniambia, "Ungeniambia tu, mwanangu," na hilo liliniuma kuliko tusi.

Jioni ile pistoni ilikuwa ukutani, imening'inizwa kwenye tundu lake lenyewe, na jina langu chini yake, herufi kubwa kuliko za wengine.

Miaka tisa jina lile lilikaa pale. Nilibeba magunia ya viazi mgongoni katika soko la Makambako, yale ya lumbesa yaliyoshonewa kichwa juu ya kichwa, nikiwapakilia madereva ambao mimi ndiye niliyewafundisha kurudi nyuma na trela. Nililima kwetu Kitandililo. Baba mkwe wangu, aliyekuwa akijisifu kwa wenzake kwamba bintiye ameolewa na dereva, alianza kuniita Pistoni, kwa utani, mbele ya wanangu. Nilikuwa nikipita gerejini kwa makusudi, ng'ambo ya barabara, nalisoma jina langu, naenda zangu. Mke wangu aliniambia niache. Sikuacha. Chuki nayo inahitaji matunzo, na mimi niliitunza.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa parachichi, mgeni kutoka Moshi, ambaye hakujua habari za Matokeo wala hakutaka kuzijua. Aliniuliza kama naweza kuendesha, nikamwendesha mpaka Njombe na kurudi, akanipa lori. Basi. Watu walimfuata kumwonya, akawajibu kwamba yeye haajiri bati.

Nikiwa na lori lake ndipo nilipojua kweli. Nilikwenda kununua plagi kwa muuza spea wa Makambako, mzee wa Tanga ambaye wote tunamwita Shehe. Akaniuliza, "Volti ngapi?" Nikamwambia lori ni la betri mbili, ishirini na nne. Akaniwekea miwani yake mkononi.

"Soma mwenyewe hapo kwenye shingo ya plagi," alisema. "Maandishi ni madogo kama mayai ya chawa. Ukifunga ya kumi na mbili kwenye lori la ishirini na nne inawaka vizuri siku chache, halafu ncha inakatika na kudondokea kwenye pistoni. Hata bingwa wetu ilishampata."

"Bingwa gani?"

"Fundi wako huyo. Alichukua boksi la plagi nne za kumi na mbili, akatumia moja, akaja kurudisha tatu. Akaniomba nisimwambie mtu. Miaka mingi hiyo, nadhani haina ubaya tena kusema."

Nilimuuliza ilikuwa lini. Shehe alikumbuka kwa sababu wiki ileile mkewe alijifungua mtoto wao wa mwisho. Nikahesabu umri wa mtoto. Sikuhitaji kuhesabu mara mbili.

Niliingia kwenye lori nikafunga vioo na kupiga kelele. Tajiri wangu yule wa viazi alikuwa ameshakufa mwaka mmoja kabla. Tulimzika Igwachanya, na mimi nilisimama nyuma kabisa, nyuma ya watu waliokuja kwa ajili ya chakula, kwa sababu kwa ndugu zake mimi ndiye niliyemuulia lori. Na mbele, kwenye kwaya, fundi alikuwa akiimba besi. Aliimba vizuri sana siku ile. Mtu pekee ambaye nilitaka aisikie kweli alikuwa ameshafukiwa, na aliyemnyima alikuwa amemwimbia.

Sasa naingia kwenye siku ya mwisho niliyomwona, na sitaficha nia yangu. Nilipania kumwaibisha. Nilisikia macho yake yamekwisha, kwamba anafanya kazi kwa kupapasa na kusikiliza tu na bado malori yanapanga foleni. Nikarudi kwa Shehe nikanunua plagi moja ya volti kumi na mbili. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nitampa aifunge kwenye lori langu la ishirini na nne mbele ya madereva wote, kisha nitaitoa, nimpe mmoja wao aisome kwa sauti. Nilitaka arudie kosa lake hadharani. Namna yoyote nyingine ya kumkabili ingemwachia mwanya wa kusema mimi ni mtu wa visasi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Ilikuwa asubuhi ya Julai, ukungu bado uko chini, madereva saba au wanane wamezunguka moto wa vipande vya mbao wakisubiri zamu. Fundi alikuwa kwenye kigoda. Macho yake yote mawili yalikuwa na utando wa kijivu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Akainamisha kichwa. "Sauti hii ya Kitandililo."

"Ndiyo yenyewe."

Akasema, "Nieleze moshi."

Nikamweleza moshi wa uongo. Nikasema namba tatu inasumbua, nimekuja na plagi yangu mwenyewe, naomba anifungie. Akanyoosha mkono. Nikaiweka plagi kwenye kiganja chake. Aliizungusha kwa vidole, akaipapasa shingoni kwa ukucha. Nikasubiri aombe spana. Badala yake aliomba nyaya mbili kutoka kwenye betri za lori langu. Akaibana plagi kwenye jiriwa, akagusisha waya, akaweka kiganja jirani na ncha ili asikie joto, akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili."

Ncha ikawa nyeupe. Akautoa waya haraka.

"Nzima ingefika saba au nane ndipo iwe nyekundu," alisema. "Hii ni ya volti kumi na mbili. Nani amekuuzia? Anataka kukuulia injini."

Madereva wakashangaa, mmoja akapiga mluzi. Mimi nilisimama kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Mtego wangu ulikuwa umevunjika mbele ya watu walewale niliowataka wauone. Aibu ikanipanda usoni. Halafu, ikiwa bado inapanda, nikaelewa nilichokiona.

"Fundi," nilisema, "mimi nimesimama nyuma yako miaka mingi. Umefunga plagi mpya mbele yangu mara nyingi sana. Ulikuwa unasoma shingoni na kufunga. Hukuwahi kuibana kwenye jiriwa ukahesabu. Umeanza lini?"

Akachukua kitambaa, akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Unajua nimeanza lini."

"Nataka useme wewe."

Moto ulikuwa unapasuka.

"Wiki ile ya pistoni yako," alisema.

"Ulijua kosa ni lako kabla tajiri hajaja, au baada?"

"Kabla. Ncha niliikuta kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Macho yalikuwa yameanza kuharibika na nilikuwa sijamwambia mtu. Fundi asiyeona, nani atamletea lori? Nikaifukia. Wewe ulikuwa umeniambia habari ya kitambaa. Ikawa imenijia mdomoni tayari."

"Tajiri amekufa akiamini ni mimi."

"Najua. Nilimwimbia."

Miaka tisa nilikuwa nikiota kuyasikia maneno haya, na katika ndoto zangu watu waliokuwepo walimgeuka, walimzomea, mmoja alimtemea mate. Sasa sikia kilichotokea. Dereva aliyekuwa karibu nami alivua kofia. Mwingine akasema, "Mzee, wewe ni muungwana. Wangapi wanaweza kukiri hivi?" Wa tatu akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mmoja alikwenda kumshika mkono fundi na kuutikisa. Waliniangalia mimi wakitabasamu, wakinisubiri nami niende nimkumbatie, ili wapate hadithi nzuri ya kusimulia njiani. Alinivunjia maisha, akayasema kwa sentensi chache, na akapigiwa makofi yeye.

Fundi aliinuka. Akaita aletewe kopo la rangi nyeupe na kopo la rangi nyeusi na brashi. Akanyoosha mkono kunitafuta, akanipata begani.

"Twende," alisema. "Ufute lako, uliandike langu. Kubwa. Watu walisome."

Tukaenda ukutani, madereva nyuma yetu kama maandamano ya harusi. Niliukata waya wa pistoni kwa koleo nikaiacha idondoke. Nikachovya brashi kwenye rangi nyeusi nikalifuta jina langu, taratibu, herufi moja moja, mpaka bati likawa jeusi tupu. Nyuma yangu walikuwa wameshaanza kupiga makofi tena. Nikaona vizuri kabisa jinsi itakavyokuwa: jina lake litakaa hapo juu ya ukuta wake mwenyewe, na kila tajiri atakayekuja kusoma ataambiwa, huyu ndiye mtu wa kweli aliyejiandika mwenyewe. Lile bati lililonizika mimi lingempandisha yeye.

Nikaichovya brashi kwenye rangi nyeupe, nikaiweka mkononi mwake.

"Umeshaandika?" aliuliza.

"Langu nimelifuta. Lako siandiki."

"Mimi sioni, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Mimi langu niliandikiwa. Wewe lako jiandikie."

Makofi yalikatika. Dereva mmoja akasogea, akasema, "Mzee, nipe mimi nikuandikie," lakini fundi alimzuia kwa kiwiko.

"Mwache. Ana haki."

Akapiga hatua moja, akapapasa bati kwa mkono wa kushoto, akitafuta mahali ambapo rangi nyeusi ilikuwa bado mbichi. Vidole vikachafuka. Akainua brashi, na rangi nyeupe ikaanza kumtiririkia kwenye mkono wa ovaroli mpaka kiwikoni. Hakujua aanzie wapi. Wale waliokuwa wakipiga makofi walikuwa wakitazama chini.

Mimi sikusubiri kuona alichokiandika. Nililiwasha lori, likawaka mara moja, nikaondoka kupakia parachichi Njombe.

Makambako wanasema nilimdhalilisha mzee asiyeona mbele za watu. Ni kweli, nilimdhalilisha, na nililala vizuri usiku ule kuliko usiku wowote wa miaka tisa. Mke wangu aliniuliza kama sasa yamekwisha. Nikamwambia kwamba fundi alinidhalilisha kila siku ya miaka hiyo, na mimi nimemdhalilisha asubuhi moja.